Chungwa Halivundikwi

BARUA

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kike aliyeanza darasa la kwanza Januari hii. Tunaishi Tanga mjini, Ngamiani, Barabara ya 14, chumba na sebule cha kupanga. Mume wangu ni kibarua bandarini. Meli zikiwapo anapata, zisipokuwapo tunakaa. Mimi nauza chapati na maharage asubuhi.

Baba yangu alipofariki aliniachia ekari 2 upande wa Muheza. Ukingoni kulikuwa na mwembe mmoja mkubwa, kwingine kote magugu matupu. Masika ya 2021 nilichukua fedha zangu zote za kikoba nikanunua miche 160 ya michungwa iliyobebeshwa, aina za Msasa na Valensia. Mashimo nilichimba mwenyewe na mdogo wangu. Kiangazi cha kwanza kilikuwa kikali, nikawa nabeba maji kwa dumu kutoka kisimani kila Jumamosi na Jumapili. Hata hivyo 21 ilikufa. Nimebaki na miti 139, na naijua mmoja mmoja.

Vuli ya 2023 ikachanua. Nililia kwa furaha. Bwana shamba akaniambia niyaondoe maua yale, mti bado mdogo. Bibi, nilitii, lakini siku ile nilirudi mjini kama mtu anayetoka mazikoni. Wifi yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila akinikuta huniuliza, "Bado unalea majani?"

Vuli iliyopita imechanua tena, na safari hii nimeyaacha. Sasa ni Februari, vichungwa vimefikia ukubwa wa ndimu. Ndipo akaja dalali. Amekuja mara mbili. Anataka kununua machungwa yote yakiwa mtini, anipe shilingi 400,000 taslimu, na kuchuma atachuma yeye siku anayotaka. Amenipa wiki mbili. Na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, shilingi 300,000, mwisho wa Machi. Ninazo 90,000. Mwanzo wa Machi Ramadhani inaingia, biashara yangu ya asubuhi italala.

Lakini si hela tu, Bibi. Mwaka ule ule wa 2021 shoga yangu alichukua fedha zake za kikoba akaenda Dar es Salaam kununua madera. Leo ana fremu Mgandini na nyumba yake ameshaezeka. Mimi miaka minne nina majani. Naswali, namwambia Mungu najua ana wakati wake, lakini usiku naamka nikijiuliza kama hii ni subira au ni ujinga. Kila ninayemweleza ananijibu subira yavuta heri, na wallahi natamani kuziba masikio. Mume wangu hasemi uza wala usiuze. Anasema, "Shamba ni la baba yako, amua wewe." Hilo nalo linaniumiza, sijui kwa nini.

Niuze? Ning'oe nipande mahindi? Ningoje? Na nikingoja, nitajuaje kwamba ninangoja kitu kinachokuja?

Mwenye Majani, Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu wa darasa la kwanza hajambo?

Nimeisoma barua yako nikiwa na chungwa mezani, maana nilitaka kulitazama huku nikikufikiria. Swali la kuuza au kutouza lina hesabu yake, tutaifanya. Ila umeuliza jambo kubwa kuliko hilo, ukaliweka mwishoni kama mtu anayeona haya: nitajuaje kwamba ninangoja kitu kinachokuja? Wengi wanaoniandikia huuliza wangoje mpaka lini. Wewe umeuliza dalili. Kwa hiyo methali ile sikurudishii. Waliokupa walikutakia mema, lakini hakuna kati yao aliyekushika mkono akakuonyesha cha kutazama.

Tuanze na tunda lenyewe. Embe ukilichuma limekomaa lakini bado gumu, ukalivundika, siku chache litalainika na kuwa tamu. Ndizi ndivyo ilivyo, mkungu mzima unakatwa wa kijani na kuvundikwa, na wiki haijaisha tunakula. Chungwa halivundikwi. Siku linapokatwa kikonyo, utamu wake unasimama hapo hapo. Ukilichuma chachu litabaki chachu hata ukalifunika mwezi mzima, litasinyaa tu. Dalali anayajua haya kuliko mimi na wewe. Akishakuhesabia 400,000 zake, matunda ni yake, na kama mwezi wa nne machungwa yameadimika mjini na bei imepanda, atachuma mwezi wa nne. Atakayekula akakunja uso hatamjua dalali. Atasema machungwa ya Muheza siku hizi hayana ladha. Jasho lako la miaka minne litasemwa hivyo.

Kuna la pili, na hili nakuomba ulisome polepole. Chungwa letu la pwani huiva likiwa kijani. Ile rangi ya njano huletwa na baridi ya usiku, ndiyo maana machungwa ya nchi za baridi yanang'aa kama taa. Huku kwetu joto halishuki kiasi hicho, ganda linabaki kijani na ndani sukari imejaa. Mgeni akipita sokoni anadhani tunauza mabichi. Wewe mtoto wa Tanga hulitazami rangi. Unalipima mkononi kama ni zito, unapitisha kidole kwenye ganda kama limekuwa laini na lina mng'ao, halafu unakata moja unaonja.

Mwanangu, naona unajitazama kwa macho ya yule mgeni. Unatafuta njano. Fremu ya Mgandini inaonekana barabarani, bati jipya linaonekana kutoka mbali, wewe huna kitu cha namna hiyo, basi umejiandikia chini ya barua "Mwenye Majani". Jina hilo ni la wifi yako, amekupa, ukalipokea. Hebu jikate uonje. Masika ya 2021 ulikuwa hujui Msasa na Valensia vinatofautiana nini. Leo una miti 139 unayoijua mmoja mmoja. Umetoa maua kwa mkono wako mwenyewe ilhali roho inauma, kwa sababu uliambiwa mti mchanga ukibebeshwa matunda mapema nguvu zinaishia kwenye matunda, mizizi na matawi yanakosa. Wenye mashamba makubwa kuliko lako wako wanaoshindwa kufanya hivyo, wanaacha maua ya kwanza kwa tamaa, na mti unadumaa. Wewe ulirudi mjini kama umetoka mazikoni, lakini ulilifanya.

Na hii 21 iliyokufa umeiandika kwa sauti ya aibu. Mimi baba yangu alikuwa mkata mkonge, nimekulia kambini, na hadithi ya mkonge tulikua nayo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, miche ikafa njiani, na iliyofika pwani hii ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ndiyo chanzo cha mashamba yaliyokuja kulisha nyumba yetu na nyumba za maelfu ya watu, na hata mkonge wenyewe ukishapandwa shambani huungoja kama miaka 2 mpaka 3 kabla ya kukata jani la kwanza. Katika 160 wewe umebakiwa na 139. Mpandaji wa miti aliyefikisha hapo hana cha kuinamia kichwa.

Sasa nikueleze kwa nini barua yako imenikaa. Mwanangu wa pili nilimpeleka kwa fundi seremala hapa mjini akiwa na miaka 17. Miezi minane ikapita, kazi yake ikawa kupiga msasa, kunoa patasi, kufagia maranda na kushika mbao mwenziwe anapokata. Wenziwe wa mtaani walikuwa wameanza kuleta nyumbani hela ya samaki. Mimi nilikuwa mjane mpya, nilikuwa na njaa na aibu pamoja, na njaa peke yake ningeivumilia. Nikaenda kwa fundi nikamwambia namtoa mtoto. Yule mzee aliweka msumeno chini, akaniambia, "Mama, ameshaanza kujua mbao inavyolia. Niachie mwaka mmoja." Sikumwachia. Kijana akabeba mizigo sokoni, tukapata hela ya samaki. Leo ni mtu mzima, ni mwema, ananitunza. Lakini akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, hupitisha kiganja juu ya meza, taratibu, kama anayemsalimia mnyama. Mimi hutazama pembeni. Nilimvundika mwanangu, naye alikuwa chungwa.

Fundi yule hakuniambia subiri bila kunipa kitu. Alinipa dalili: mtoto anajua mbao inavyolia. Mimi nilikuwa natazama mfuko wa shati la mwanangu, sikutazama mikono yake. Kwa hiyo nikikuambia ngoja, nakuambia ngoja huku unatazama. Kuna watu wamengoja kwa imani nzuri, wakangoja pabaya. Na kwenye michungwa jambo hili lipo wazi, tena linatisha.

Miche yako imebebeshwa. Chini ni shina la kitu kingine, mara nyingi mlimao, kwa kuwa una mizizi migumu. Juu ndiyo chungwa. Chini ya pale palipounganishwa, mlimao hauachi kujaribu kuchipua. Ukiyaacha machipukizi yale, yanakua haraka, yananenepa, yana majani ya kupendeza, na polepole yanamnyima chungwa chakula mpaka anakufa juu yao. Mtu akipita barabarani anauona mti umestawi. Mwenye shamba anafurahi, anangoja, anaomba dua, na mwaka wa tano anavuna malimao. Hakukosa subira yule. Alikosa kuinama.

Kwa hiyo kabla hujamjibu dalali, nenda shambani uiname. Miti yote 139, mmoja mmoja, tafuta kovu la kubebeshwa, na kila kilichochipua chini yake kikate kwa kisu kikali karibu na shina. Tazama majani mapya: kama yanatoka na ni ya kijani cha kukolea, mti unakwenda. Kama yamepauka kuwa manjano mti mzima, una njaa, utafute samadi iliyooza vizuri, uzungushie kisahani mbali kidogo na shina mvua za masika zikianza. Ukikuta wale siafu wekundu wa mtini, maji moto, wamejenga viota kwa kushona majani, usiwaue. Wanauma, najua, ila wanawinda wadudu wanaoharibu matunda, wakiwamo nzi wa matunda. Vaa mikono mirefu uwaachie kazi yao. Kama kuna mti ambao juu umeshakufa na chini ni mlimao mtupu, huo usiungoje tena. Ung'oe, masika haya upande mwingine. Hutakuwa umekata tamaa kwa kufanya hivyo. Ni sehemu ya kungoja kwa akili.

Mahindi katikati ya michungwa ya miaka minne sikushauri, yanarefuka na kugombea mbolea na maji. Kunde, ndiyo. Karanga, ndiyo. Ziache mbali na shina, utapata kitoweo na kitu cha kuuza kabla ya machungwa.

Tuje kwa 400,000.

Hukuniambia mti mmoja una machungwa mangapi, na nadhani hujahesabu. Dalali amehesabu. Ile mara ya kwanza alipokuja hakuja kusalimia, alikuja kuhesabu. Wewe chagua miti 10: mitatu inayobeba sana, mitatu isiyobeba, minne ya kati. Hesabu matunda ya kila mti, jumlisha, gawa kwa 10. Mfano tu, nakupa ili uone: ukipata wastani wa 60, mara miti 139, ni machungwa 8,340. Mengine yataanguka, toa kiasi. Lakini hata kabla ya kutoa, 400,000 ukizigawa kwa 8,340 ni kama shilingi 48 kwa chungwa moja. Sasa nenda Mgandini kaulize chungwa moja linauzwaje, kisha uliza wachuuzi wanalipataje kwa jumla. Ukirudi na namba hizo tatu hutahitaji ushauri wangu kuhusu dalali. Huenda ukakuta bei yake si mbaya sana, maana yeye pia anabeba hatari ya mvua, wezi na gari. Huenda ukakuta anakunyonya. Ninachokukataza ni kupokea fedha kwa kitu ambacho hujakihesabu.

Na ukiona lazima uuze kiasi, uza kiasi. Mpe miti 40, tena kwa kuhesabu machungwa siku ya kuchuma, si kwa kukadiria kwa jicho leo. Akupe malipo ya awali, na mwandikiane kwamba hachumi mpaka mkate tunda pamoja muonje. Maua yalitoka vuli, Oktoba na Novemba. Msasa utakuwa tayari kuanzia kama mwezi wa sita, Valensia itachelewa zaidi. Andikianeni mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Dalali mwaminifu atakubali. Akikasirika kwa sababu ya kalamu na karatasi, umeshamjua. Na zile wiki mbili alizokupa, mwanangu, ni za kwake. Mti haujui habari hizo.

Mwenye nyumba, naye, hasubiri msimu wa Msasa, na mimi sitaki usikie kwamba Bibi amekuambia ukalale nje na mtoto kwa ajili ya subira. Kwanza mwendee mapema, Februari hii hii, mume wako awepo, mkiwa na zile 90,000 mkononi. Mwombe kodi ya miezi 3, kisha mitatu mingine ifuate mwezi wa sita mwishoni. Wapo wanaokataa, lakini mpangaji anayekuja kabla ya siku na hela mkononi husikilizwa tofauti na anayesakwa mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ni 150,000, unapungukiwa 60,000. Pili, Ramadhani imelala kwa chapati za asubuhi, haijalala kwa futari. Kuanzia alasiri Ngamiani nzima inatafuta kaimati, maharage ya nazi, viazi vitamu, magimbi, uji wa pilipili manga. Jiko unalo, mkono unao, wateja wanakujua. Tafuta nafasi mapema kabla baraza zote hazijashikwa. Tatu, kikoba. Kopa kidogo kinachojulikana kitarudi lini. Halmashauri nazo zina mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na 4 katika hizo ni ya wanawake, lakini hupitia vikundi na huchukua muda. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, iwe ni kwa ajili ya msimu ujao. Isiwe ndiyo unayoitegemea Machi hii.

Umeona nilivyofanya? Nimetenga njaa ya Machi na shamba. Tatizo lako kubwa ni kwamba vimekaa kwenye mfuko mmoja, na kila mwenye nyumba akikohoa unatazama michungwa. Shamba la miaka mingi lisilipishwe madeni ya mwezi. Chapati zilipe ya mwezi.

Kuhusu shoga yako, nina neno fupi. Madera yanaiva kila safari ya Dar es Salaam. Biashara ile ina kalenda ya wiki, na yeye ameifanya kwa bidii, hakukuibia kitu. Mpongeze kwa dhati, tena mwambie ukivuna akupe ubao mbele ya fremu yake uweke matenga mawili ya machungwa. Utakuwa umemrudisha kuwa shoga. Kwa miaka minne umemfanya saa ya ukutani.

Wifi mwache. Mwezi wa sita mpelekee machungwa kwenye kikapu, yaliyoiva kweli, bila kusema neno.

Mume wako nimemfikiria zaidi ya hao wote. Umesema maneno yake yanakuumiza na hujui kwa nini. Nadhani najua. Ulitaka akuambie "shamba letu". Yeye, nadhani, anaogopa kuingilia urithi wa baba yako asije akaonekana mwenye tamaa. Wanaume wa heshima wana woga huo, nao hawausemi. Anasema "amua wewe" akidhani anakupa heshima, wewe unasikia amekuacha peke yako. Msije mkagombana kwa jambo ambalo kila mmoja amelifanya kwa kumpenda mwenziwe. Siku asiyokuwa na meli mchukue Muheza. Usimwombe ushauri. Mpe kisu cha kukatia machipukizi, mwonyeshe kovu, mwache aanze mstari wake na wewe wako. Mtu akishainama kwenye miti 30 ataanza kusema "huu wetu una shida gani?" Hapo ndipo umuulize habari ya dalali.

Na Mungu unayemwamsha usiku, endelea kumwamsha. Umemwambia unajua ana wakati wake, na ni kweli. Ila naona kwenye barua yako kwamba unaogopa kuwa ukichoka ni kukosa imani. Kuchoka si dhambi, mwanangu. Umebeba maji kwa dumu kiangazi kizima, umezika maua yako kwa mkono, umechekwa, na bado kila Jumamosi unapanda gari la Muheza. Aliyechoka namna hiyo apumzike Jumamosi moja, amtume mdogo wake, alale mpaka adhuhuri. Mti hautagundua.

Niandikie tena ukishahesabu. Nataka kujua wastani wa ile miti 10, nataka kujua mingapi ilikuwa imeanza kugeuka mlimao, na nataka kujua mume wako alisema nini alipofika mti wa 30. Na Msasa wa kwanza ukiwa mzito mkononi, kaa chini ya mwembe wa baba yako na mtoto, ukate, mpe nusu yeye aonje kwanza. Usimwambie lolote, mtazame usoni. Watoto wa darasa la kwanza hawajui kudanganya kuhusu chungwa.

Beba daftari na kalamu mbili, moja huwa inakwama.

Bibi